Simu Yenye Kengeza

Zuena aliniletea simu mpya, bado inanukia kasha,
na juu yake kava la ngozi, jekundu,
lenye kifuniko kinachojifunga chenyewe: tap.
"Babu, sasa utaziona skrubu hata zikiwa kama chawa."
Maana jicho langu la kulia limeota mtoto,
na la kushoto linamlea mwenzake.

Nina meza Barabara ya Nane, Ngamiani,
ubavuni mwa duka la spoki na minyororo ya baiskeli.
Miaka arobaini na moja natibu saa.
Nikailaza simu juu ya glasi mbili za chai,
chini yake saa ya Bi Mwantumu, tumbo wazi,
nikabonyeza.

Ikaona. Kisha ikasahau ilichokiona.
Ikasogea, ikarudi, ikasogea,
kama mtu anayetafuta ndala gizani kwa mguu.
Kijumba cha kijani kikawaka, kikazima.
Gurudumu la mizani likawa yai, likawa moshi,
ila kalenda ya mwaka juzi, kule ukutani,
nisiyoihitaji,
ikasomeka mpaka jina la mchapaji.

Nikampelekea Hoza, fundi simu wa Barabara ya Kumi.
"Futa kioo, mzee." Nikafuta kwa kitambaa cha miwani.
"Gusa pale unapotaka ipaone."
Nikagusa. Nikagusa tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi ugenini.
"Usiisogeze mno, nayo ina umbali wake."
Nikaongeza glasi ya tatu.
"Izime, iwashe." Nikaizima, nikanywa kahawa, nikaiwasha.
"Mwanga, mzee, mwanga!"
Nikaitoa meza juani, wapita njia wakadhani nimefukuzwa kwa kodi.
Mwisho Hoza akafuta mipangilio yote;
simu ikasahau hata lugha, ikaanza kunisemesha Kichina.
Kengeza liko palepale.
"Irudishe dukani," akasema. "Hii ni mbovu toka tumboni mwa mamake."

Irudi vipi? Zuena bado anadaiwa awamu tatu.

Jumatano, baada ya alasiri, skrubu ikaniponyoka kwenye koleo.
Skrubu ya saa ikianguka, fundi hapumui:
anasubiri ilie sakafuni.
Haikulia.
Nikapapasa meza, nikapiga magoti, nikapekua hata pindo la kanzu.
Kumbe imesimama juu ya kava jekundu,
kichwa chini, mguu juu,
palepale kifuniko kinapojifunga.

Nilicheka mpaka muuza spoki akaja kunichungulia.
Sumaku!
Mimi niliyewafokea wanagenzi wangu wote,
usilaze saa juu ya spika, itapagawa,
itakimbia dakika kumi kwa siku,
nimeivisha simu joho la sumaku
kisha naiuliza mbona macho hayatulii.
Nayo ndani ina kitu chake kinachoning'inia,
chepesi, kinachokwenda na kurudi kwa umeme kiduchu,
binamu wa springi zangu.
Wiki nzima inanieleza ugonjwa ninaoujua.

Nikaivua.
Kijumba kikawaka kijani, kikakaa.

Gurudumu likaja, jino baada ya jino,
unyuzi wa pamba, tone la mafuta lililoganda,
na upande wa ndani wa mfuniko, mkwaruzo:
12/6/89, na M yangu,
imechorwa kwa ncha ya sindano, mstari umenyooka.
Nilikwisha kuitibu saa hii, na nimesahau.
Nikautazama ule mkwaruzo kitambo.
Mkono ule nilikuwa nao mimi.

Kava naliweka nyumbani, kabatini, mbali na saa.
Zuena akija Ijumaa, naivisha simu kwanza,
tap,
kisha nampiga picha mlangoni:
kanga, meno, mfuko wa machungwa ya Muheza,
vyote ukungu mtupu.
Anatazama, ananirudishia simu polepole.
"Mkono wako unatetemeka, babu."
Namwambia ndiyo, mjukuu wangu.
Unatetemeka.